Maswali kwa Fundi: RX-8 inakula oili, je, injini imekufa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Mazda RX-8 ya mwaka 2006, gia za mkono, imetoka Japani. Nililipenda kwa umbo lake, na kwenye kadi linasomeka cc 1308 tu, kwa hiyo upande wa ushuru nilipata nafuu. Mwezi wa tatu nilimwaga oili na kubadilisha filta. Juzi taa ya oili imewaka, nikapima, kijiti karibu kikavu. Chini ya gari hakuna hata tone. Nilipofungua mfuniko wa kujazia oili nikakuta utando wa njano mzito kama uji. Fundi wangu anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe. Nifanyeje? Msomaji, Njiro, Arusha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie fundi wako aweke spana chini. Gasketi ya silinda hedi haiwezi kuungua kwenye gari lako, kwa sababu injini hiyo haina silinda hedi. Haina pistoni, haina valvu, haina mkanda wa taimingi. Ndani mna rota mbili za pembe tatu, kila moja inazunguka kwenye chumba chake, na vyumba hivyo vimebanwa katikati ya mabamba ya chuma kwa boliti ndefu zinazopita toka mwanzo wa injini hadi mwisho. Maji ya rejeta yanazuiwa yasifike kwenye moto na pete zilizolazwa kati ya mabamba na vyumba. Pete hizo huweza kufa, na nitakupa dalili zake, ila ulichoniandikia sicho.

Sasa hiyo oili iliyopotea. Kila pembe ya rota ina sili, kipande chembamba cha kuziba, inayokwangua ukuta wa chumba muda wote injini inapozunguka. Tatu kwa kila rota, sita kwa jumla. Kwenye injini ya pistoni, ukuta wa silinda unarushiwa oili kutoka chini na ringi zinaikwangua kuirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Rota haina upande wa chini wa namna hiyo, maana pande zake zote tatu zinapokea moto kwa zamu. Ndiyo maana Mazda waliweka pampu ndogo inayochota oili ya sampu na kuitia chumbani kidogo kidogo, ilainishe sili kisha iungue pamoja na petroli. Gari lako linakula oili kwa sababu limetengenezwa lile oili. RX-8 isiyopunguza oili hata kidogo ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa huenda pampu hiyo imekufa au mirija yake imeziba, na sili zinasuguana kavu.

Tatizo lako basi ni kukaa tangu mwezi wa tatu bila kupima. Kwa magari mengine unaweza kumwaga oili, ukafunga boneti na kusahau mpaka tarehe ya kumwaga tena. Kwa hili haiwezekani. Pima kila ukishajaza petroli mara mbili. Simamisha gari mahali tambarare injini ikiwa imeshapata moto, zima, subiri dakika tano, kisha chomoa kijiti, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Kijiti cha RX-8 ni chembamba na oili mpya haionekani vizuri, kwa hiyo tazama pande zote mbili na uamini ule unaoonyesha chini zaidi. Weka chupa ya lita moja kwenye buti, aina ileile iliyomo ndani. Usijaze kupita alama ya juu. Ikizidi, inapanda kwenye njia ya hewa, inafika mpaka kwenye boksi la filta ya hewa, gari litoe moshi na uambiwe tena kwamba injini imekufa.

Kwa kuwa taa imeshawaka, nakushauri umwage upya na uanze hesabu safi. Pasha injini kiasi, usingoje ichemke. Nyanyua gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua lile bamba la plastiki la chini na uweke klipu zake kwenye kopo, maana zikipotea ndipo mafundi hufunga kwa waya. Legeza nati ya sampu, acha oili ishuke yote mpaka ibaki kudondoka tone moja moja. Ile pete ya nati (washa) ibadilishe, bei yake ni ndogo mno kuliko oili itakayovuja. Ukifungua filta, tandika tambara kwanza, kisha pitisha kidole pale ilipokaa uhakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mafundi wengi huliruka hili. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili itamwagika yote barabarani. Mpira mpya upake oili kidogo, zungusha filta kwa mkono mpaka iguse, kisha kaza kwa mkono huohuo. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Unaporudishia, ingia kwa lita 3 kwanza, washa, acha izunguke, kagua kama kuna panapovuja, zima, pima, halafu ongeza taratibu. Kumwaga pamoja na filta huchukua takriban lita 3.5. Utajiuliza kwa nini kidogo hivyo. Oili ya injini hii inafanya kazi nyingine kubwa, ya kupoza rota kwa ndani, kwa hiyo inazungushwa mpaka mbele kwenye vipoozeo vilivyo kwenye pembe za bampa, na magari mengi ya gia za mkono yanavyo viwili. Mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 6. Maana yake kila unapomwaga, karibu nusu ya oili chafu inabaki humo na kuchanganyika na mpya. Ndiyo sababu mimi kwa gari hili sipiti kilomita 5,000, hata chupa ikisema 10,000.

Huo utando wa njano ni mvuke. Shingo ya kujazia oili kwenye RX-8 ni ndefu na imekaa mbali na joto la injini. Ukiendesha safari fupi za Njiro na mjini katika baridi hii ya mwezi wa saba, unyevu unaganda pale na kuchanganyika na oili. Tazama kijiti: kama oili yake ni safi, bila weupe, futa shingo kwa kitambaa kisha nenda mpaka uwanja wa ndege wa KIA na kurudi, injini ipate moto wa kutosha. Dalili za pete za maji kufa ni nyingine: maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, tangi la maji linatoa mapovu injini ikiwa inaunguruma, asubuhi gari linawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe usiokatika. Ukiziona hizo, niandikie tena.

Na oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Najua watu huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, lakini ikinyesha mvua inateremka kwenye udongo na visima. Iweke kwenye dumu, peleka gereji inayokusanya.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina RX-8 kama hizo. Muuza vipuri anataka nitie oili ya sintetiki ya bei ya juu, rafiki yangu anasema itaharibu sili. Huyohuyo rafiki huchanganya oili ya 2T kwenye petroli kama wavuvi wa mashine za boti. Jirani naye anasema niuze tu, rotari ni injini bovu. Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze na jirani. Injini ya rota ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991, kwenye Mazda 787B. Injini bovu haimalizi saa 24 mbele ya wengine wote. Inachohitaji ni mwenye gari anayejua anaendesha nini.

Ubishi wa sintetiki ni wa miaka mingi. Hoja ya rafiki yako ina msingi: oili ya humu inaunguzwa, kwa hiyo swali la kwanza ni inaacha nini ikishaungua. Mimi natia oili ya kawaida ya madini ya 5W-30 kutoka kwa muuzaji ninayemwamini na kuibadilisha mapema. Sintetiki nzuri haitaliua gari lako, ila hutapata faida ya bei yake, kwa kuwa utaimwaga kilomita zilezile. Chupa ya bei ya juu isikufanye uvute muda.

Kuhusu 2T, hapo namuunga mkono rafiki yako kabisa. Oili ya injini imetengenezwa ikae kwenye sampu, na viungo vyake vinaacha majivu vikiungua. 2T imetengenezwa iungue. Mililita 200 kwa lita 50 za petroli zinatosha, na ukitia kabla ya kujaza, petroli yenyewe itaichanganya. Chukua yenye JASO FD, alama ya ubora ya Kijapani kwa oili za 2T. Hii ni nyongeza tu, pampu ya oili iachwe ifanye kazi yake, na kijiti uendelee kupima.

SWALI: Fundi, kijana wa kuosha magari alisogeza RX-8 yangu mita chache, akazima. Sasa haiwaki kabisa, stata inazunguka tu. Msomaji, Sinza, Dar es Salaam.

JIBU: Imezama petroli. Injini hii ikiwashwa baridi na kuzimwa papo hapo, petroli inaosha oili kwenye sili na mbano unapotea. Hakikisha betri ina nguvu, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na uishikilie hapo, ili sindano zisirushe petroli, kisha piga stata kwa sekunde kama kumi, pumzisha, rudia. Ikishika itatoa moshi mwingi. Iache mpaka ipate moto ndipo uzime. Ikikataa, fungua plagi zote nne zikauke, na uziwekee alama, kwa sababu za juu na za chini ni aina tofauti na hazibadilishani nafasi. Ikishawaka, nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, oili hiyo imeshakuwa nyepesi; imwage pamoja na filta kabla hujaliingiza gari barabarani.