Usiweke fildi ya "mmiliki" kwenye klasi ya gari, utakuja kulia

Kama unaandika mfumo wa mali za kampuni, iwe magari, jenereta, laptop au mitambo ya kukodisha, kuna fildi (visanduku vya kujaza taarifa) mbili zitakujia kichwani dakika ya kwanza tu: mmiliki na mahali. Unafungua klasi Mali (klasi ni kama kiolezo, kinaiambia programu kitu fulani kina taarifa gani), unazipachika pale chini ya jina na namba, unaona poa, unaendelea na mambo mengine. Mi nakushauri uzitoe mapema.

Niliwahi kupewa niendeleze mfumo wa kampuni moja ya kukodisha mitambo hapa Dar, jina tuliache. Fildi yao ya mmiliki ilikuwa maandishi tu, ndani yake nikakuta "Kampuni", "kampuni (mkopo benki)", "ya Mzee", "ya Mzee na mdogo wake", na jenereta moja imeandikwa "imerudishwa??" na viulizo vyake viwili. Kwenye mahali ndo usiseme, kuna "stoo Tegeta", kuna "kwa fundi", kuna "juu ya lori", kuna majina ya madereva. Na yule dada wa stoo wala hakuwa mzembe, anajua kila kitu kilipo kuliko hata bosi wake, ila mfumo umempa kijisanduku kimoja na yeye ana majibu matatu, sasa afanyeje?

Maana ukitulia, hapo kuna maswali matatu: mali ni ya nani, iko mikononi mwa nani, na iko wapi. Jenereta ni ya kampuni, kaikodi mkandarasi, ila leo iko gereji inabadilishwa pampu. Yote kweli, kwa wakati mmoja, na kila jibu linabadilika kwa muda wake. Ukiuza mtambo hausogei hata hatua moja, na ukiupeleka Dodoma mwenye mali ni yule yule.

Ukitaka kuliona hili kwa macho simama barabara ya Mandela uangalie makontena yanayotoka bandarini. Mlangoni kuna herufi 4, tarakimu 6, halafu tarakimu moja ya kuhakiki, huo ni utaratibu wa ISO 6346. Herufi 3 za mwanzo zimesajiliwa kwa mmiliki au mwendeshaji mkuu wa kontena (ona, tayari kuna "au"), ya nne kwa makontena ya mizigo ni U. Sasa hilo kontena shirika la meli linaweza kuwa limelikodi tu kwa kampuni ya kukodisha makontena, mzigo wa ndani ni wa mfanyabiashara wa Kariakoo, tela ni la mtu mwingine, na kichwa kinacholivuta cha mwingine tena. Uliza "hili la nani" uone watakavyoitika wote.

Kwa hiyo mimi kwenye Mali naacha vile visivyobadilika: aina, namba ya kiwandani, mwaka wa kutengenezwa. Umiliki unakuwa objekti (kitu kimoja kinachotengenezwa kutoka kwenye klasi) yake yenyewe, ina mali, ina mhusika, asilimia, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Makabidhiano hivyo hivyo, nani kapokea, toka lini, mpaka lini. Na Uwepo, yani iko wapi. Ukitaka mmiliki unaiuliza mali, mmilikiSiku(tarehe), yenyewe inaenda kutafuta. Siku mkaguzi anakuja kuuliza hiki kitu mwezi wa sita mwaka juzi kilikuwa cha nani, unamjibu palepale, na yule wa fildi moja keshaandika juu ya jibu la zamani zamani sana. Na asilimia usizidharau, "ya Mzee na mdogo wake" ni kitu cha kawaida sana huku kwetu, weka ukaguzi kwamba jumla ya siku yoyote ile lazima iwe 100.

Mhusika naye asiwe mtu au kampuni tu. Mzee akifariki mali inaingia kwenye mirathi, kuna msimamizi wa mirathi kateuliwa na mahakama, na biashara haisimami kusubiri wewe uongeze klasi.

Sasa kitu kinachonikera kuliko vyote ni urithi wa klasi, yani klasi moja kuwa mtoto wa nyingine na kuchukua vya mzazi wake. Mtu kasoma OOP (uandishi wa programu kwa klasi na objekti) juzi anaanza: GariLaKampuni, GariLaMkopo, GariLaKukodi, zote watoto wa Gari. Haya, mkopo umeisha leo, benki imerudisha kadi ya gari, unafanyaje? Kwenye Java au C# objekti ikishazaliwa haibadilishi klasi, itabidi utengeneze gari jipya uhamishie historia ya sevisi, mafuta, matairi, ajali, kisa tu mtu kamaliza rejesho la mwisho. Gari ni lile lile bana! Kilichoisha ni rehani, basi rehani iwe na objekti yake yenye tarehe ya mwisho. Urithi utumie kwa tofauti inayodumu, mfano lori na jenereta.

Mahali nako kuna mtego. Mahali pa kitu panaweza kuwa kitu kingine: jenereta iko juu ya tela, tela limefungwa kwenye kichwa, kichwa kiko Morogoro. Ukihifadhi "Morogoro" kwenye vyote vitatu kuna siku vitapishana, kwa hiyo jenereta ielekeze kwa tela tu, mengine mfumo upande ngazi wenyewe. Ila weka kizuizi, mtu asije akaandika tela liko ndani ya jenereta na jenereta juu ya tela, programu itazunguka mpaka seva iombe poo.

Wahasibu nao wana lao. Tangu IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa vitu vya kukodi, ianze kutumika tarehe 1 Januari 2019, mpangaji anaingiza haki ya kutumia kitu alichokodi kwenye vitabu vyake, isipokuwa mikataba ya miezi 12 kushuka chini au vitu vya thamani ndogo. Kwa hiyo "kiko kwenye vitabu vyetu" na "ni chetu" usivifunge pamoja.

Na ukifika kwenye namba ya chesisi usilazimishe herufi na tarakimu 17. Magari mengi ya mtumba toka Japani yana namba fupi, inaanza na kitu kama NCP51 halafu kistari na tarakimu, ukilazimisha 17 watu wa stoo watajazia sifuri mbele.

Ukihamisha data ya zamani, zile "kwa fundi" ziingize bila tarehe ya kuanza, iache wazi kabisa. Usiweke tarehe 1 Januari ili databesi ikubali, maana miezi miwili mbele kuna mtu atatoa ripoti kuonyesha mitambo yote ilienda gereji siku ya mwaka mpya.