Maswali na majibu: spea isiyolingana na injini ya pikipiki

*Nilinunua ringi za pistoni Kirinyaga Road. Fundi anasema ni kubwa, anataka kuzipiga tupa ziingie. Nimruhusu? – Kayole*

Pimeni kwanza. Ingiza ringi moja, bila pistoni, ndani ya silinda. Isukume kwa kichwa cha pistoni iteremke kama sentimita mbili, ili ikae bila kuinama, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Kwa injini nyingi za cc 125 hadi 150, ringi za juu hutaka milimita 0.10 hadi 0.30. Mwanya ukipungua kidogo tu, tupa laini inaruhusiwa. Ncha zikipandana, hiyo ni saizi nyingine kabisa, na tupa haitaiponya.

Silinda ikichongwa, kipenyo chake hupanda kwa hatua za milimita juu ya standadi (saizi ya kiwandani): 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Ringi ya 0.25 ndani ya silinda ya standadi imezidi mzingo kwa karibu milimita 0.8. Ukiikata kiasi hicho itaingia, ila haitabana ukuta sawasawa pande zote, na injini itakula oili. Kinyume chake hakina nafuu: ringi ya standadi kwenye silinda ya 0.50 huongeza mwanya kwa karibu milimita 1.6, kompresheni ikapotelea hapo. Soma namba iliyogongwa juu ya pistoni yako, au uibebe uende nayo dukani.

*Injini imefungwa, lakini kwenye karai zimebaki pini mbili fupi zenye tundu na washa moja (pete bapa). Tuwashe tu? – Kawangware*

Msiwashe. Pini hizo hushika silinda na hedi zisihame, na kwenye injini nyingi oili ya kwenda juu hupita karibu na mojawapo, mara nyingine ikiwa na oringi yake. Zikikosekana, gasketi husogea na kuziba njia ya oili. Roka na kamu ndizo zitakazolia. Hedi itafunguliwa tena, hakuna njia ya mkato.

Washa ipimwe tundu na unene kwa vernia (kipimo cha milimita chenye taya). Ikiwa ya shaba, angalieni boliti za oili. Ikiwa ya chuma kigumu chenye uso laini, tafuteni kwenye klachi na shafti za gia. Nafasi ya klachi huonekana kwa kufungua kava ya pembeni tu. Ya gia humaanisha kupasua injini.

*Beringi 6203 haipo, duka lina 6303. Si zote ni 17? – Pipeline*

Tundu ni milimita 17 kwa zote mbili. Ila 6203 ina upana wa nje wa milimita 40 na unene wa 12. 6303 ni 47 kwa 14. Haiingii. Kama ya zamani imeandikwa C3 (yaani ina nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida), nunua C3.

*Gasketi ya hedi imekosekana. Silikoni itafaa? – Githurai*

Hapana, haihimili moto na shinikizo la hapo. Kava ya klachi unaweza kuikatia karatasi ya gasketi yenye unene uleule.

*Muuzaji anakataa kurudishiwa spea. – Kasarani*

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilingane na maelezo kilichouzwa nayo. Kwa hiyo risiti iandikwe modeli na saizi, si "ringi" tupu. Pakiti isitupwe, na spea isifungwe kabla ya kupimwa: ikishalowa oili, mengi ya madai yako yamekwisha.