Saa chache Frankfurt: anza kuhesabu kutoka mwisho

Watu wengi wa kwetu wanaijua Frankfurt kama uwanja wa ndege tu. Unatua asubuhi ukitokea Nairobi, unasubiri kwenye kiti, unaendelea na safari ya Chicago au Stockholm. Kazi imenipitisha pale mara nyingi, na nasema kwa moyo wote kwamba mji ule unastahili kuuona hata kwa nusu siku. Ila muda uupige hesabu kuanzia mwisho.

Tuseme una saa nane kati ya ndege na ndege. Toa saa moja na nusu za kushuka, foleni ya pasipoti na kutafuta treni. Toa saa tatu za kurudi, maana ukaguzi una foleni na kutoka pale hadi geti ni mwendo. Umebakiwa na saa tatu na nusu. Zinatosha kona moja ya mji, basi. Kama una chini ya saa sita, ushauri wangu ni ubaki ndani upumzike.

Haya yote yanategemea viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi hatoki uwanjani bila viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata tiketi yake iwe ya kuunganisha. Ombi linapelekwa angalau siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Ndugu zetu wa Kongo wana jambo la ziada: pasipoti ya DRC inadai viza ya kupita uwanjani hata kama hutoki nje, isipokuwa kwa baadhi ya watu, kwa mfano wenye viza halali ya Marekani au Kanada. Nimeshuhudia mama wa watu akirudishwa kaunta na mabegi yake kwa sababu aliyemuuzia tiketi hakumwambia. Iliniuma sana. Ulizeni ubalozi wa Ujerumani kabla ya kulipa.

Unapotafuta hoteli au treni, hakikisha imeandikwa Frankfurt am Main. Ipo Frankfurt nyingine, Frankfurt (Oder), mpakani na Poland. Na uwanja wa Frankfurt-Hahn uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini.

Kuingia mjini ni rahisi. Chini ya Terminal 1 kuna stesheni ya treni za mkoa. Panda S8 au S9 na ndani ya robo saa uko Hauptbahnhof, stesheni kuu. Tiketi nunua kwenye mashine kabla ya kupanda. Hakuna geti la kukuzuia, lakini wakaguzi hutokea ghafla, na faini ni euro 60. Mkiwa kikundi, ipo tiketi ya siku nzima inayobeba hadi watu watano.

Mitaa iliyo mbele ya stesheni ina watumiaji wa dawa za kulevya waziwazi, kwa hiyo simu iwe mfukoni na usizubae. Lakini usiikimbie: Münchener Straße imejaa maduka na migahawa ya Waturuki, na anayetafuta chakula cha halali atashiba hapo. Soseji maarufu za Frankfurt ni za nguruwe.

Kona ninayoipendekeza ni Römerberg, vituo viwili kutoka Hauptbahnhof kwa treni ya chini ya ardhi, U4 au U5, unashuka Dom/Römer. Uwanja ule wa mawe umezungukwa na nyumba za mbao zenye mapaa ya pembe kali, na ukumbi wa mji uko pale tangu 1405. Mabomu ya Machi 1944 yaliteketeza karibu mji wote wa kale. Unachokiona kimejengwa upya, na vichochoro vilivyo kati ya hapo na kanisa kuu vilifunguliwa 2018 tu. Mimi hilo halinipunguzii raha hata kidogo. Watu waliopoteza mji wao wakaamua kuurudisha, tofali kwa tofali, wananigusa zaidi. Teremka hadi mto Main, simama katikati ya daraja la chuma la Eiserner Steg, geuka: majumba ya benki yamepanda nyuma ya paa za kale, mji mzima kwa mtazamo mmoja.

Njaa ikiuma, soko la ndani la Kleinmarkthalle liko jirani. Nje ya hapo, ulizia Grüne Soße, mchuzi baridi wa majani saba, unaoliwa na viazi na mayai ya kuchemsha. Jumapili soko hilo na maduka mengi hufungwa, na Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, basi anza na daraja.

Anayekuja kwa maonyesho ya biashara, hasa ya vitabu mwezi Oktoba, atakuta bei za vyumba zimepaa. Lala Mainz. S8 ileile inafika huko ikipitia uwanja wa ndege.