Kabla hujanunua bledi ya bendisoo, jua unakwenda kukata nini

Ubao wa mvule ulionitia hasara bado ninao. Nimeuegemeza nyuma ya mlango wa karakana hapa Nyakato, Mwanza, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kazi namwonyesha huo kwanza, kabla hajagusa mashine. Upande mmoja umenyooka. Upande wa pili una tumbo kama ubavu wa mtumbwi, na katikati ya tumbo hilo umepita mstari mweusi, umeungua.

Mteja alileta kipande cha mvule chenye upana wa inchi sita, akataka nikichane nipate mbao mbili nyembamba za milango ya kabati. Kwenye bendisoo, yaani mashine ya msumeno ambayo bledi yake ni mkanda unaozungushwa na magurudumu mawili, palikuwa na bledi mpya ya meno 10 kwa inchi. Niliamini kwamba meno mengi ndiyo ukataji safi. Kufika nusu ya ubao mashine ikaanza kulia, moshi ukatoka, mimi nikazidi kusukuma. Bledi ikajipinda humo ndani ambamo jicho halifiki. Vipande vilipoachana, kimoja kilikuwa nusu inchi huku na robo inchi kule. Mti wa mteja niliulipa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayeunda mitumbwi kule Igombe. Nilimpelekea ile bledi nikidhani ni feki. Akaishika, akapitisha ukucha kwenye bonde lililo kati ya jino na jino, na ukucha ukatoka na unga wa mbao ulioshikamana kama ukoko wa ugali. Akaniuliza, "Mwanangu, unga wote huu ulitaka utokee wapi?"

Jino hukata, bonde hubeba. Unga ukijaa kwenye bonde kabla jino halijatokeza upande wa chini wa ubao, jino haliwezi tena kukata, linabaki kusugua. Hapo joto linapanda na bledi inafuata njia iliyo nyepesi kwake. Piga hesabu: kwa meno 10 kwa inchi, ubao wa inchi sita unakuwa na meno 60 ndani yake kwa wakati mmoja, kila moja na kibonde chake kidogo. Kwa bledi ya meno 3 ni meno 18 tu, na mabonde ni mapana. Kwa hiyo kazi ya kuchana mbao nene inataka meno 2 au 3 kwa inchi, yale yaliyoinama mbele kama ndoana. Alama za msumeno zitabaki kidogo, randa itazimaliza.

Upana nao una mipaka yake. Kwa kuchana, bledi pana hunyooka vizuri zaidi, lakini iwe pana kadiri mashine yako inavyoweza kuikaza. Yangu ina magurudumu ya inchi 14, naiwekea ya nusu inchi. Nimeona wenzangu wakilazimisha ya inchi nzima kwenye mashine ndogo kama hiyo. Fremu haina nguvu ya kuikaza, bledi inalegea na kuyumba. Na ikiwa ni nene pia, inachoka kwa kukunjwa kwenye gurudumu dogo hadi inapasuka.

Kwa mbao nyembamba hesabu inageuka. Hakikisha meno yasiyopungua matatu yako ndani ya unene wa kitu unachokata. Playwudi ya milimita 6 ukiipitisha kwenye meno 3 kwa inchi, hata jino moja kamili halienei humo, na utaona inavyonyofolewa kingo. Mimi hutumia meno 14.

Kona ndizo zinazoamua upana. Bledi ya robo inchi inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha takriban milimita 16. Ya nusu inchi inahitaji kama inchi mbili na nusu. Maua ya kichwani mwa kitanda cha sita kwa sita nayakata kwa robo inchi, meno 6. Mzee wa Igombe yeye mataruma, yaani mbavu za ndani za mtumbwi, huyakata kwa nusu inchi, kwa sababu mpindo wake ni mpole na mti wenyewe mnene. Ukiilazimisha bledi pana kwenye kona kali, itajisokota au iruke gurudumuni.

Angalia pia mti wenyewe. Paini ya mashamba ya miti ya Buhindi au Rubya mara nyingi hufika bado mbichi. Inataka mabonde makubwa na meno yaliyotanuliwa vizuri kushoto na kulia, la sivyo mti unaibana bledi. Utomvu wake nao hugandia kwenye meno. Zima mashine, chomoa waya, vua bledi uisugue kwa brashi na mafuta ya taa. Mvule una jambo jingine: ndani yake huweza kujificha vijiwe vigumu vyeupe, na mtiki una silika, chembe ngumu kama za mchanga. Miti hii hula bledi za chuma cha kawaida haraka sana. Kama unaikata kila siku, gharama ya bledi yenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, inarudi. Kama ni kabati moja kwa mwezi, nunua ya kawaida tu.

Majirani zangu wachomeleaji huja kuniomba niwakatie vyuma. Nakataa, hata wakija na bledi ya kukatia chuma mkononi. Mashine ya mbao hukimbiza bledi karibu mita 900 kwa dakika, wakati chuma kinataka mwendo wa makumi ya mita tu. Meno yataisha kabla chuma hakijakatika.

Ukienda dukani, nenda na urefu. Kama magurudumu yako yanalingana, chukua kipenyo cha moja, zidisha kwa 3.14, kisha ongeza umbali kati ya vitovu vyake mara mbili. Unapopima, gurudumu la juu liwe katikati ya nafasi yake ya kupanda na kushuka. Halafu, kabla hujalipa, ikunjue bledi na upitishe kidole mgongoni mwake, mbali na meno, pale ilipochomelewa. Ukihisi kidato hata kidogo, mrudishie muuzaji palepale.