Mwanangu, hakuna anayejaribu masala mapya siku ya Iddi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Voisi yako nimeisikiliza yote, na ile sehemu unayouliza nimeirudia: kama masala yako ya pilau uyazindue Ramadhani ya mwakani ikianza, watu wakiwa kwenye manunuzi, au usubiri Sabasaba ya 2027 uchukue banda, alafu ukasema una presha maana umesikia kuna kampuni nyingine inatoa masala yao mwisho wa mwaka huu wa 2026. Nimeona nikuandikie, kwenye simu tunakatikakatika na haya mambo yanataka usome taratibu.

Mimi nasema si Ramadhani wala si Sabasaba. Anza Oktoba hii, kimyakimya, sehemu mbili tu, ili Ramadhani iwakute watu tayari wanakujua.

Nikwambie kwanini. Mfikirie mwanamke anayepika pilau ya Iddi. Wakwe wanakuja, mashemeji wapo, majirani wanapelekewa sahani, nyama kanunua na bei ya nyama unaijua, mchele kachukua ule mzuri wa Kyela. Huyo mtu hawezi asubuhi ile kufungua paketi ambayo hajawahi kuionja, hata uwe umempa bure, maana ikimharibikia hapo aibu ni yake sio yako. Atachukua aliyoizoea au atatwanga mwenyewe kama alivyofundishwa kwao. Miaka yote niliyosimama dukani hapa Ngamiani, Tanga, nimeona hivyo, mtu anakuja siku mbili kabla ya sikukuu hana muda hata wa kusoma lebo, anataja jina, analipa, anaondoka, foleni iko nyuma yake. Lakini huyohuyo akija Jumamosi ya kawaida kununua chumvi na nyanya, ukamwambia jaribu hii paketi ndogo, ataichukua, ataitia kwenye nyama ya watoto wake, ikimpendeza atarudi kuiulizia. Hiyo mara ya pili ndo biashara yenyewe. Kwaiyo usipange tarehe kwa kuangalia lini watu wananunua sana, panga kwa kuangalia lini watu wako tayari kujaribu, alafu ile siku ya kununua sana ikukute ushapita hatua hiyo.

Sasa kuhusu Ramadhani yenyewe, wengi wanaokwambia "uza Ramadhani" wanakumbuka zile za 2014, 2015, 2016, ilipokuwa inaangukia Juni na Julai, mpunga na mahindi vimevunwa, pesa iko mikononi mwa watu. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka siku kumi au kumi na moja, na mwezi ukiandama ya 2027 itaanza karibu na tarehe 8 Februari, Iddi iwe karibu na tarehe 10 Machi. Na inaendelea kurudi, 2030 tutafunga mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na tena mwisho wa Desemba. Sasa piga hesabu kurudi nyuma. Mwenye duka la jumla hasubiri mwezi uandame ndo ajaze stoki, anajaza wiki tatu au nne kabla, yaani katikati ya Januari. Na Januari unaijua mwanangu, ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, kila mtu vyuma vimekaza, mangi mwenye duka naye anadai na anadaiwa. Ukimpelekea kitu kigeni wakati huo atakwambia weka mali kauli, ikitoka nitakulipa, na mtaji wako utakaa kwenye shelfu lake mpaka Iddi ipite na hujui utarudi lini. Ila kama toka Oktoba wateja wake wamekuwa wakiuliza "yale masala yapo?", hiyo Januari atakupigia yeye, na atatoa keshi.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja na mimi naliona kubwa kuliko yote, nalo ni harusi. Pwani hii harusi hazifungwi ndani ya Ramadhani, kwaiyo watu wanazimaliza Rajabu na Shaabani, ile miezi miwili ya kabla yake, na mwaka huu miezi hiyo inaangukia katikati ya Desemba mpaka mwanzo wa Februari, alafu zinaanza tena Mfungo Mosi, Iddi ikishapita. Katikati hapo una Krismasi, na Krismasi nayo ni pilau, uliza Lushoto, uliza Moshi. Kwaiyo toka Oktoba mpaka Machi una mfululizo wa shughuli ambao haukai hivi kila mwaka. Na kwenye shughuli anayeamua masala si mwenye harusi, ni mpishi. Wale kinamama wa masufuria makubwa, mmoja wao anapikia watu mia tatu, mia nne kwa siku moja, na wageni wakila pilau ikawanogea lazima watauliza katia nini. Hao ndo uanze nao, kabla ya duka lolote. Usiwapelekee paketi za gramu hamsini, wapelekee za kilo, na usiwaombe wakusifie, waombe wakwambie kilichopungua. Hapa Tanga nawajua wa Ngamiani na wa Makorora, watanisikiliza. Huko Mbagala tafuta wako.

Ule mtindo wa kuanza sehemu ndogo usiudharau ukadhani ni wa watu wasio na mtaji. M-Pesa unayoitumia kila siku, Safaricom walianza kuijaribu Oktoba 2005 huko Kenya, Thika na Nairobi, na wateja wachache wa mikopo midogo. Lengo lao la kwanza lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Kwenye majaribio wakaona watu wanafanya mengine, wanatumiana hela wao kwa wao, wanampelekea mtu wa kwao. Ndo ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo likawa ni la kutuma pesa nyumbani, si la mikopo tena, na kwetu ikaja 2008 na Vodacom. Fikiria wangezindua nchi nzima siku ya kwanza na lile tangazo la marejesho. Na wewe hujui bado watu watayatumia masala yako wapi, unadhani pilau, labda utakuta wanatia kwenye supu au kwenye mishikaki, na hapo lebo yako itabidi ibadilike. Bora ujue ukiwa na paketi mia tano kuliko elfu kumi zilizokwisha chapwa.

Hao wapinzani wako sasa. Naelewa presha yako lakini hebu tulia. Samsung walitoa simu ya Galaxy Note 7 Agosti 2016, wiki chache tu kabla ya iPhone 7 kutoka Septemba. Betri zikaanza kuwaka moto, wakazirudisha, wakatoa nyingine na zenyewe zikawaka, Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Sisemi haraka ndo iliwasha betri, nasema kutangulia hakukuwasaidia chochote mzigo ulipokuwa na kasoro. Kwenye chakula ni vibaya zaidi maana mtu akikuta mchanga au ukungu kwenye masala yako mara moja, humrudishi tena. Acha hao jamaa watoe matangazo yao, tena wakiwafundisha watu kununua masala ya paketi badala ya kutwanga, wamekusaidia na wewe.

Kitu kinachoamua tarehe yako kweli ni karatasi na hali ya hewa. Umesema sampo ziko TBS, kwa wale wa viwango, na majibu bado. Basi usitangaze siku yoyote kwa mtu yeyote, wala usianze yale mambo ya Instagram ya "zimebaki siku kumi", mpaka cheti kiwe mkononi, maana hiyo tarehe haiko kwenye mamlaka yako. Toka 2019 mambo ya chakula yalihama TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS, kwaiyo usajili wa jengo na wa bidhaa uko hukohuko, hakikisha vyote viwili umeviombea sio kimoja. Ile barua ya SIDO, wale wa viwanda vidogo, itunze, ndo inayomfanya mjasiriamali mdogo apate leseni ya alama ya ubora ya TBS bila kulipia miaka ya mwanzo. Barkodi, zile za kwetu zinazoanza na 620, omba sasahivi wakati unasubiri, supamaketi hawatakupokea bila hiyo, japo kwa Oktoba huhitaji supamaketi. Jina la masala yako nalo lipeleke BRELA, kwa wasajili wa biashara, ukalisajili kama alama ya biashara kabla halijajulikana, likishajulikana kuna wajanja.

Usifungashe mapema pia! Najua unatamani uone maboksi yamepangwa, ila siku unapofunga paketi ndo tarehe inaanza kuhesabu, na mwenye duka cha kwanza anachogeuza kuangalia ni tarehe. Paketi iliyofungwa Agosti ikafika dukani Januari, kwake tayari ni kuukuu. Nunua viungo vizima, vikaushe sawasawa, uvihifadhi vikiwa vizima, saga kila unapopata oda. Kukausha ufanye Septemba, jua likiwepo, vuli ikianza unyevu unaingia na masala yanashikana mabonge. Na hii ndo sababu nyingine siipendi tarehe ya kuanzia kati ya Machi na Mei kama hujakausha viungo mapema, masika ya huku kwetu hata pilipili manga uliyoianika inarudi na maji, na kiungo kisichokauka kinaota ukungu. Iliki, mdalasini na pilipili manga nitakuchukulia Muheza kwa watu wa Amani, naenda mwenyewe kuchagua. Binzari nyembamba ndo ya kuangalia, inatoka India, huko wanavuna kati ya Februari na Aprili, na 2023 bei yake ilipanda huko mpaka huku tukaishangaa. Nunua ya kukufikisha Iddi kwa mara moja ukipata bei ya kueleweka. Usije ukafika Februari imepanda ukapunguza kipimo, mpishi atajua siku hiyohiyo, na yeye ndo uliyemjengea jina lako.

Sabasaba nenda, sijasema usiende. Nenda 2027, huwa ni toka mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai, ukiwa na masala yaliyouzika miezi nane na majina ya maduka yanayoyauza. Pale watu wametoka matembezi, wananunua kwa raha, alafu mmoja anarudi Mwanza, mwingine Songea, akitaka paketi ya pili hana pa kuipata. Ukizindulia pale utauza sana wiki mbili, utafurahi, alafu kimya. Lakini ukienda unajulikana unatafuta wenye maduka ya jumla wa mikoani, na una cha kuwaonyesha, hapo banda linalipa gharama yake.

Kwaiyo kama majibu ya TBS yakitoka Septemba, tunaanza Oktoba, na uchague wiki ya mwisho wa mwezi watu wakishapokea mishahara. Yakichelewa mpaka Novemba, bado sawa, tutakuwa na harusi zote za Desemba. Yakichelewa mpaka Januari, basi usikimbilie Ramadhani, niamini, uza kwa wapishi tu mpaka Iddi ipite kisha uingie madukani Mfungo Mosi harusi zinapoanza upya. Inauma kuiacha Iddi ipite hivihivi, najua, ila Iddi kubwa ya Mfungo Tatu iko katikati ya Mei na itakukuta uko vizuri.

Mdogo wako kasema atakuja Dar wiki ijayo, nitampa mdalasini kidogo uusage uone harufu yake kama inakufaa kabla sijanunua mzigo. Nitumie na wewe bei uliyopewa ya binzari nyembamba hapo Kariakoo, nilinganishe na ya hapa.

Mama yako