Shemeji umemficha stoo, mwanangu?

Mama wa Mafinga anaandika kwamba mdogo wa mumewe amerudi kutoka machimbo ya Chunya akiwa na kifua kikuu, na ana mwezi mmoja kwenye dawa. Amemlaza stoo isiyo na dirisha, sahani yake ameipaka rangi ya kucha, chakula humwachia mlangoni. "Nampenda shemeji, ila naogopea wanangu." Mumewe amenuna, anakula huko huko stoo.

Pole, mwanangu. Kuogopa si dhambi. Ila barua yako yote haisemi kama hao watoto umewapeleka kupimwa. Mwenye kuogopea wanawe huanzia kliniki. Wewe umeanzia kwenye sahani. Nadhani unaogopa midomo ya majirani, na shemeji kuzoea kwako. Mumeo namuunga mkono.

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani. Kinapita hewani, mgonjwa akikohoa mahali palipofungwa, na stoo hiyo, mlango umefungwa kwa baridi ya Juni, ndipo pabaya kuliko pote. Na humo ndimo anamokula mumeo! Mhamishie shemeji chumba chenye dirisha, liwe wazi, mwongezee blanketi. Jiko la mkaa lisiingie ndani, linaua watu usingizini. Mchana kaeni uani, mle pamoja.

Kama hajaruka dozi na si kile kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, baada ya wiki mbili hivi kuambukiza hupungua sana. Kliniki watakuthibitishia. Watoto wapeleke kesho. Wa chini ya miaka 5 wasiokutwa na ugonjwa hupewa dawa za kinga. Nanyi wawili mpimwe.

Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6. Wengi huharibu mwezi wa pili au wa tatu: kikohozi kimekata, mwili umerudi, mtu anaacha, ugonjwa unaweza kugeuka sugu. Kwa hiyo kila asubuhi mpelekee maji, usimame mpaka ameze. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, ni dawa. Macho yakiwa ya manjano, hospitali siku hiyo hiyo. Ulanzi asiguse, ini lake lina kazi tayari.

Siku hizi mnaolewa na mume, ndugu zake mnataka waishie kwenye picha za harusi. Methali ya "mgeni siku ya tatu mpe jembe" haikutungiwa mgonjwa.

Woga usiungoje uishe, ingia nao. Hotuba ya msamaha haihitajiki. "Shemeji, njoo tule" inatosha. Majirani wakiuliza, wajibu kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa, na mwenye kikohozi cha wiki mbili kati yao naye akapime.