Ukianza na nchi dhaifu, mtafutie jirani yako vita nyingine

Juzi dogo mmoja wa Manyoni kanitumia meseji, anasema kaka kwenye lile gemu la vita Scotland imenishinda, kila nikianza Waingereza hawa hapa mlangoni, bora nirudi kuchezea Uingereza yenyewe. Nikamwambia usirudi mdogo wangu. Nikaanza kumuelezea, jibu likawa refu, na kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo ya kuanza na kanchi kadogo mkamaliza mnatawala ramani, nimeona niliweke hapa tulisome wote.

Tunaongelea Medieval II: Total War, ya mwaka 2006. Ya zamani ndio, ila sisi wa laptop za mtumba hiyo ndo gemu yetu, haichagui mashine. Kampeni inaanza 1080 inaisha 1530, zamu 225, kila zamu inahesabiwa miaka miwili. Scotland unapewa Edinburgh basi. Mwingereza ana London, ana Nottingham, na ana Caen ng'ambo ya maji kule upande wa Ufaransa. Hiyo Caen ishike kichwani, nitairudia.

Mwezi uliopita nilimaliza kampeni yangu ya Scotland. London yangu, Caen yangu, Paris yangu. Nikatupia picha kwenye grupu, mtu mmoja akaandika "hapo kachiti tu" na watu wakacheka. Aisee iliniuma na bado inaniuma. Washkaji zangu wa Area C nao miaka yote wananiambia unajitesa nini, chukua timu kubwa kama tunavyochukua sisi kwenye soka. Hawakuona zile usiku ambazo hazina ndani imebaki florini (hela za humo kwenye gemu) za kulipa wanajeshi zamu moja tu, nimekaa naangalia ramani nusu saa bila kubonyeza kitu, na huku nasevu kila zamu maana mtaani kwetu umeme ukiondoka hauagi.

Sasa dogo sikia. Zamu ya kwanza kabisa York iko mikononi mwa waasi, yaani haina nchi inayoimiliki, na Inverness nayo ni ya waasi. Wengi wanakimbilia Inverness kwa sababu inaonekana rahisi, hapana, Inverness hakuna anayeigombania, itakusubiri. York ndo Mwingereza anaitaka. Mimi nilikusanya karibu kila mtu, nikaacha wachache Edinburgh, nikashuka York, nikaizingira, zamu moja ya kutengeneza ngazi, inayofuata nikaingia. Jeshi la Nottingham lilikuwa limeshaanza kupanda kuja.

Na kabla ya hayo yote, zamu hiyohiyo ya kwanza, balozi wangu alishapanda meli kwenda kwa Mfaransa. Hapa ndo kuna siri yenyewe na wala siyo siri. Mfaransa anaiona ile Caen kila siku, inamkera. Omba haki za biashara, muuzie taarifa za ramani upate hela, funga urafiki. Baada ya muda Mwingereza akajikuta ana vita kule chini, na wanajeshi aliotakiwa kunitumia mimi anawapakia kwenye meli kwenda Caen. Hata kwenye historia ya kweli Scotland na Ufaransa walifunga mkataba mwaka 1295 dhidi ya Uingereza, hawakuwa wajinga. Mafahali wakipigana nyasi zinaumia, tunajua, ila ukiwa nyasi za shamba la jirani unapata nafasi ya kumea.

Jeshi la Mwingereza lililobaki lilikuja York hata hivyo. Limekuja na gogo la kubomolea geti, ngazi halina. Nikapanga mikuki nyuma ya geti nusu duara, nikawaambia hapo hamna kusogea, wapiga mishale juu ya ukuta nikawawashia mishale ya moto, lengo gogo, siyo watu. Likashika moto katikati ya njia, wale waliokuwa wanalisukuma wakaliacha, jeshi zima likabaki limesimama chini ya ukuta halina pa kuingilia, mimi namwaga mishale tu mpaka ikaisha. Huyo mtu wa "kachiti" angeiona ile vita.

Halafu kuna Papa. Scotland ni Wakatoliki na Mwingereza ni Mkatoliki, kwa hiyo jenga kanisa mapema, mtumie Papa zawadi hata ndogo, ukiwa naye vizuri jirani akikuvamia Papa anaweza kumuamuru aache, akikaidi anatengwa na Kanisa, na aliyetengwa anapata maadui wapya bila wewe kutoa hata senti. Unaona ni kitu kilekile, mtafutie kazi nyingine. Kwenye hela sina mengi, usirundike wanajeshi usioweza kuwalipa, na mgambo wa mji waweke ndani ya mji ambako baadhi yao hawadai posho.

Wale wa gemu nyingine, Europa Universalis IV, mliojichagulia Byzantium, kale kadola dhaifu kalikobanwa na Mturuki mwaka 1444, ni hivyohivyo. Tafuta marafiki wanaomchukia Mturuki, kopa ujenge gali (meli za vita za makasia), subiri jeshi lake liwe limezama huko Anatolia ndo uanze vita na ufunge mlango wa bahari kwa meli, asivuke kurudi. Ukianza akiwa hana shughuli umekwisha.

Na jamani mbona hata pwani yetu walilijua hili. Mwaka 1498 yule Mreno Vasco da Gama alipopita, Mombasa walimpokea vibaya, Malindi wakampokea vizuri wakampa na nahodha wa kumvusha mpaka Uhindini, kwa sababu Malindi walikuwa wanabanwa na Mombasa. Mwaka 1505 Mreno akaichoma Mombasa. Malindi hawakurusha mshale. Ila Mreno mwenyewe hakuondoka tena, na Kilwa aliipiga mwaka huohuo wa 1505, kwa hiyo ndugu yangu rafiki mkubwa unayemleta chagua anayekaa mbali na mwenye vita zake nyingi, na ukishashika miji mitatu minne, anza kumtafutia na yeye kazi.